Jiko Nyuma ya Uwanja: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu zetu sote wa hapa Mombasa, niingie moja kwa moja kwenye swali lako, kwa kuwa umeliuliza mara ya pili na safari hii umelitia ukali. Umeandika kwamba Pasaka iliyopita mfanyakazi mwenzako alikualika kwenye Michezo ya Wasikh wa Australia, ukakuta umati wa watu ukila bure, mechi za magongo, kabaddi (ule mchezo wa kukamatana wa Kihindi), kandanda na netiboli zikienda kwa ratiba, na wazee wa makamo yangu wakiokota taka bila kuamrishwa na mtu. Ukakumbuka chama chenu cha Wakenya wa Melbourne, ambacho mwaka wa pili huu kimeshindwa kuandaa hata mechi moja ya Jamhuri. Ndipo ukauliza wenzetu wanapata wapi nguvu hiyo, na kama jamii ya wageni kuwa na klabu yake katika nchi ya watu si kujitenga. Wajua kwamba nilicheza mpira wa magongo Nairobi, kisha nikapuliza kipenga kwa miaka mingi, na kwamba Wasikh, au Makalasinga kama tulivyozoea kuwaita, nilikuwa nao karibu ndani na nje ya uwanja.

Nianze na chakula, maana nguvu uliyoiona chanzo chake ni jikoni. Tangu zama za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, miaka zaidi ya 500 iliyopita, Wasikh wana desturi ya langar, yaani jiko la hekaluni linalomlisha kila aingiaye, awe wa dini yao au la, tajiri au fukara, wote wakikaa chini kwenye safu moja na bila kulipa kitu. Gurdwara, yaani hekalu la Wasikh, ya Makindu unaijua, tumesimama hapo si mara moja tulipokuwa tukienda Nairobi kwa gari. Ilijengwa mwaka 1926, mahali walipokuwa wakisali wafanyakazi wa reli, na mpaka leo msafiri wa barabara ya Mombasa hupewa dengu, chapati na chai pasipo kuulizwa jina wala dini. Jiko la namna hiyo haliendi lenyewe. Lina zamu za familia, lina mtunza fedha, lina mama anayejua bila kuandika kilo ngapi za unga zinatosha watu mia tano, na lina vijana waliozoea tangu utotoni kugawa chapati, kuosha masufuria na kufagia, kazi ambayo wao huiita seva na huihesabu kuwa ibada.

Basi mtu akisimama mbele ya watu wa namna hiyo akasema, tuandae mashindano ya siku tatu, nusu ya anachokihitaji tayari kipo. Kila aliyewahi kuandaa mashindano atakwambia kwamba taabu haipo kwenye mpira wenyewe. Taabu ni nani atawalisha wachezaji, nani atawalaza wageni waliotoka mji wa mbali, nani atabaki jioni kukunja mahema wakati wengine wameshaondoka. Kwao maswali hayo yamekwisha kujibiwa hekaluni kila Jumapili, kama mtaa wetu unavyojua bila kikao nani ataleta masufuria siku ya arusi. Nyinyi mlianza na katiba, mwenyekiti, makamu wawili na fulana zenye nembo. Sikucheki, mwanangu, lakini chama kisichokuwa na zamu ya kupika hakiwezi kuwa na timu ya kudumu, na hilo nimeliona hapa nyumbani kwa vilabu vingi vilivyokuwa na pesa kuliko Sikh Union, klabu ya Wasikh wa Nairobi.

Kuna jambo la pili, nalo ni la dini yenyewe. Guru Angad, wa pili katika wale Guru 10, walimu wakuu wa dini hiyo, alianzisha uwanja wa mieleka huko Khadur Sahib, na Guru Hargobind, wa sita, alihimiza wafuasi wake wajifunze kupanda farasi na kutumia silaha. Kwa hiyo kamati ya gurdwara ikitoa fedha kwa ajili ya uwanja, hakuna mzee anayeinuka kuuliza mpira umeingiaje kwenye mali ya ibada. Ndiyo maana huko Takanini, Auckland, nchini New Zealand, gurdwara imejengewa viwanja vya michezo pembeni yake, na mwezi Machi 2021 Waziri Mkuu Jacinda Ardern mwenyewe alikwenda kuvifungua. Jaribu kupeleka hoja kama hiyo kwenye kamati ya msikiti wetu uone utakavyotazamwa.

Magongo hayakuwafikia ughaibuni, walitoka nayo kwao. Karibu na mji wa Jalandhar, kule Punjab, India, kuna kijiji kiitwacho Sansarpur, jirani na kambi ya jeshi iliyokuwa ya Waingereza. Vijana waliwatazama wanajeshi wakicheza, wakajifunza, na kijiji hicho kimoja kikatoa wachezaji zaidi ya 10 wa Olimpiki, baadhi yao wakiichezea Kenya badala ya India. Punjab hiyohiyo ndiyo iliyotoa vibarua na mafundi wengi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki, na waliowafuata baadaye, waliishi kwa useremala, uhunzi na ujenzi, na kila walipokaa wakajenga hekalu kwanza na kiwanja baadaye.

Sasa nije kwenye kujitenga. Nairobi ya mkoloni ilikuwa imegawanywa kwa rangi hata kwenye michezo. Klabu za Wazungu zilikuwa zao, na Wahindi nao, kwa kuwa hawakukaribishwa humo, walijipanga kwa dini na asili: Wasikh walikuwa na Sikh Union, Wagoa na klabu zao, Waislamu na Sir Ali, Wahindu na Premier, nyingi zikiwa zimefuatana kando ya barabara moja kule Ngara. Ukiitazama hali hiyo kwa juu utasema huo ni utengano mtupu, na kwa sehemu ulikuwa utengano kweli. Lakini Jumamosi na Jumapili klabu hizo zilikutana kwenye ligi moja, kwa sheria moja na mwamuzi mmoja, na ushindani wao ndio uliojenga timu ya taifa. Mwaka 1964 huko Tokyo, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, timu hiyo ya Wasikh na Wagoa ilishika nafasi ya 6 katika Olimpiki. Mwaka 1971 huko Barcelona, kwenye Kombe la Dunia la kwanza, ilifika nusu fainali, ikafungwa bao 1 kwa 0 na wenyeji Hispania, kisha ikaikosa nafasi ya tatu kwa kufungwa na India 2 kwa 1. Avtar Singh Sohal, beki wa Nairobi, alicheza Olimpiki 4 mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Ni mara chache sana nchi yetu imewahi kufika juu hivyo duniani katika mchezo wa timu.

Wakati naanza kupuliza kipenga, uwanja ulikuwa na watu mchanganyiko zaidi. Nakumbuka kijana wa Kisikh ambaye patka yake, kile kitambaa kidogo kinachofunika nywele zilizofungwa fundo utosini, ililegea katikati ya mechi. Alitoka nje ya mstari, na mzee mmoja wa benchi, fundi wa magari ambaye kucha zake zilikuwa bado na grisi ya Ijumaa, akaikaza upya kwa uangalifu wote, kamba mbili mbele, mbili nyuma, huku macho yake hayabanduki kwenye mpira na mdomo wake haunyamazi kumlaumu kipa. Yule mzee hakuwa na mtoto kwenye timu. Alikuwa pale kila wiki, akizungushia mikono ya magongo utepe mpya na kuwagawia wachezaji wa timu zote mbili chai ya iliki. Klabu nyingi za Nairobi zilikuwa na wachezaji wazuri, lakini ni chache zilizokuwa na wazee wa aina hiyo.

Hata hivyo walikuwa na ila, na sitakuficha. Kwa muda mrefu mno mchezo ulibaki mikononi mwa jamii mbili tatu, na sisi Waafrika tuliingia kwa kuchelewa, wengi kupitia shule na majeshi. Baada ya 1967 sheria za leseni za biashara na uraia ziliwasukuma Wahindi wengi kuondoka Kenya, na wachezaji wakaondoka pamoja nao, wakati nyuma yao hapakuwa na safu nyingine iliyoandaliwa. Uganda ilikuwa mbaya zaidi: Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia mwezi Agosti 1972, na mwezi huohuo timu ya Uganda ya magongo, yenye Wasikh ndani yake, ikaenda kuiwakilisha nchi hiyo kwenye Olimpiki ya Munich. Kisha zikaja nyasi bandia, zilizotumika Olimpiki kwa mara ya kwanza Montreal 1976, uwanja wa gharama ambao klabu ya kawaida haiwezi kuununua. Kenya ilicheza magongo ya Olimpiki kwa mara ya mwisho Seoul mwaka 1988. Klabu inayojilea yenyewe tu hukatika siku watu wake wanapohama.

Waliohama walikwenda na magongo yao, wakawakuta Uingereza na Kanada wenzao waliotoka Punjab moja kwa moja. Huko mbinu ilikuwa ileile, ila waliolelewa Uingereza waliipenda zaidi kandanda. Mfano ninaoupenda ni Sporting Khalsa, klabu ya Wasikh ya Willenhall, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1991. Haikubaki kwenye mabonanza ya kindugu. Ilijiandikisha kwenye ngazi za chini za soka ya Kiingereza, ikapanda polepole, ikapata uwanja wake, ikasajili wachezaji wa kila rangi, na mwaka 2015 ikafika raundi ya nne ya mchujo wa Kombe la FA. Huko si kujitenga hata kidogo.

Tena kuna wakati klabu ya jamii ndiyo inayomfungulia mtu mlango wa nje. Mwaka 2013 shirikisho la soka la Quebec, Kanada, lilishikilia kwamba mvulana mwenye kilemba asicheze, eti kwa usalama. Shirikisho la taifa likaisimamisha Quebec, FIFA ikatoa ruhusa, na mwaka uliofuata sheria za soka zikaruhusu vifuniko vya kichwa duniani kote, jambo lililowafaa pia mabinti wa Kiislamu wanaovaa hijabu. Mtoto mmoja peke yake asingeushinda uamuzi ule. Ilihitajika jamii iliyojipanga.

Usiwaone malaika, lakini. Kamati za gurdwara hugombana vikali wakati wa uchaguzi, na ugomvi huo ukiingia kwenye klabu timu moja huwa mbili. Kabaddi nayo, kwa kuwa ina fedha na mashabiki wengi, imevutia watu wasiotakiwa: mwezi Agosti 2023 mashindano ya Derby, Uingereza, yaligeuka vita vya magenge, mapanga na risasi mbele ya familia zilizokuja kutazama. Zawadi inapokuwa kubwa kuliko klabu yenyewe, mimi huanza kuogopa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba anzisheni, ila msianze kwa bonanza. Tafuta kwanza familia sita au saba ambazo zinakula pamoja tayari, iwe kwa iftari, kanisani au kwenye chama cha akina mama, mpange zamu ya kupika na zamu ya kuwapeleka watoto mazoezini, na msichague mwenyekiti mpaka zamu hiyo izunguke mara mbili bila kukatika. Halafu sajilini timu ya wanawake kwenye daraja la chini kabisa la ligi ya magongo ya Victoria, kwa sababu wewe na mabinti wenzako mmecheza shuleni na kwa sababu timu ya wanawake haitagombaniwa na wanasiasa wa chama. Pokeeni mchezaji yeyote anayekuja, awe Mkenya, Mvietinamu au Mzungu. Na huyo mfanyakazi mwenzako, badala ya kumwomba akuonyeshe jinsi ya kuandaa michezo, mwombe akupeleke jikoni Jumapili moja, ukakate vitunguu pamoja nao na uulize bajeti yao ya mwezi. Watakuonyesha daftari bila kinyongo.

Msimu wa magongo huko kwenu huanza Aprili, na usajili wa timu hufungwa mapema, kwa hiyo ulizia tarehe wiki hii. Gongo langu la zamani lipo, ila ni la mbao na mwamuzi wa siku hizi atalicheka, nitakutumia kipenga.

Wako akupendaye,
Baba