Gari hupakwa, hupigwa au hupuliziwa rangi?

Swali: Mimi na mdogo wangu tunalitia rangi upya Peugeot 504 la marehemu baba, wenyewe, hapa uani, kwa kompresa (mashine ya upepo) ya kuazima. Mimi nasema tunalipaka rangi. Mdogo wangu anasema tunalipiga rangi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, anatucheka wote: eti fasaha ni kupulizia. Nani kapatia? Na praima, ile ya chini inayotangulia rangi yenyewe, Kiswahili chake ni nini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja anatazama upande wake wa gari.

Nianze na mwalimu, kwa heshima ya umri. Ana hoja. Paka kwa asili ni kitenzi cha kugusa: twapaka mafuta, wanja, hina, siagi kwenye mkate. Kiganja kinagusa, brashi inagusa. Hata anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, chupa yenyewe imekufikia mwilini. Bunduki ya rangi hailigusi bati. Unaishika umbali wa shubiri hivi, na upepo wa kompresa ndio unaoibeba rangi. Hapo pulizia inaeleza kazi yenyewe, kama tunavyopulizia dawa ya mbu.

Lakini mwalimu aishike vizuri hiyo -ia. Kinachopulizwa ni rangi, gari hupuliziwa. Mkisema "tunalipuliza gari", nitadhani mnalipoza kama uji. Wala msiseme mnalinyunyizia. Kunyunyiza ni kwa matone, kama maji ya bustani, na rangi ikitoka kwa matone mtajuta, maana itachuruzika mlangoni na mtarudi kuisugua upya.

Wewe uliyesema kupaka huna kesi. Neno limeshapanuka, na leo linataja matokeo kuliko namna. Gari likipita linang'aa, watu husema limepakwa rangi, na hakuna anayeuliza kama ni kwa brashi au kwa kompresa. Angalia pia ulivyoandika: tunalipaka, yaani -li- ya gari. Ni sawasawa, kwa kuwa kinachopakwa ndicho kinachochukua nafasi hiyo, na rangi inafuata nyuma bila kiambishi.

Sasa mdogo wako. Huyu ndiye anayesema kama gereji inavyosema, na mimi, nikilazimishwa kuchagua, namwonea fahari. Piga ya Kiswahili haihitaji ngumi. Chukua chombo, taja jina lake au kazi yake, tanguliza piga: piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga randa, piga lipu. Ndiyo maana kazi yenu nzima inakaa ndani ya kitenzi kimoja. Mnapiga msasa kuondoa kutu na rangi ya zamani, mnapiga puti kuziba mabonde, mnapiga msasa tena kwa namba kubwa zaidi (namba ikipanda, msasa unalainika), mnapiga praima, ndipo mnapiga rangi. Tena kwa bunduki! Msasa wenyewe ni mti. Majani yake yanakwaruza, na mafundi walisugulia mbao kabla ya karatasi za dukani. Siku hizi magazeti yanatuambia walimu wamepigwa msasa, na hakuna aliyelazwa: wamehudhuria mafunzo.

Kuna mtego mmoja hamkuuliza, ila nimeuona ukiwanasa watu wengi. Paka ukiitia -ia inakuwa pakia: "Fundi, nipakie rangi mlango huu." Sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba ipo pakia nyingine, ya mizigo. Kwa hiyo "gari limepakiwa rangi" msikiaji ataelewa kuwa nyuma mmejaza makopo. Semeni limepakwa. Na likiwa limesimama tu barazani, hilo limepaki, neno la tatu lisilo na undugu na hayo mawili.

Praima. Wako wanaopendekeza "rangi ya msingi", na kwa mtazamo wa kwanza inapendeza: ndiyo inayoshika bati ili rangi ya juu isibanduke. Mimi siipendi, kwa sababu kwenye somo la sanaa rangi za msingi ni nyekundu, njano na buluu. Mtoto wa shule mkimtuma dukani akalete rangi ya msingi ya gari, mwenye duka atamuuliza ipi kati ya hizo tatu. "Rangi ya kwanza" nayo ina shida yake: kwa gari la baba yenu, rangi ya kwanza ni ile lililotoka nayo kiwandani. Andikeni praima, bila alama za mtajo na bila aibu. Rangi, gari na bunduki nayo yaliingia kama wageni, na leo hakuna anayeyadai pasipoti.