Jibu: Nifanyeje wanangu wasimsahau baba yao?

Pole sana, dada yangu. Umesema mumeo ana miezi miwili tangu afariki, mdogo ana miaka minne, na unaogopa atakua bila kumkumbuka. Nami nimelea wawili baada ya mwenzangu kutangulia, nakuelewa.

Anza na sauti, maana picha hazikosekani. Jumbe zake za sauti za WhatsApp zihamishie kwenye flashi, nakala nyingine mpe ndugu unayemwamini. Usichelewe: akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini ikikaa bila kutumika hufungwa, namba ikapewa mtu mwingine. Si lazima uzisikilize sasa.

Halafu wafuate waliomjua: mama yake, rafiki zake wa kijiweni, aliofanya nao kazi. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani. Watakujibu “mpole, mcheshi”, maneno ya kila msiba. Uliza nini kilimkasirisha, alidekea chakula gani, aliimba nini akinyoa ndevu. Rekodi kwa simu. Mkubwa naye achore au aandike ya kwake, usimsahihishe. Ukaidi wa baba yao nao usiufiche. Watoto wakija kusikia kwa majirani tu, wataona uliwadanganya.

Mtoto akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, au akigoma kula na kwenda shule, mpeleke hospitali, uulizie ofisi ya ustawi wa jamii au mshauri nasaha. Na wewe ukianza kuona heri nawe ufe, mwambie mtu siku hiyohiyo, uende hospitali.