Re: Piper L-4 iliyoko kwenye banda Ohio, kabla hujatoa hela soma hii

Mkuu nimesoma swali lako lote. Umekuta Piper L-4, ile ndege ndogo ya Cub iliyotumiwa na jeshi la Marekani kwenye Vita Kuu ya Pili, kwenye banda la mkulima huko Ohio, mabawa yametolewa yamening'inizwa juu, mwenye mali anasema injini inazunguka vizuri, na rangi ya njano ukiikwangua inatokea kijani ya jeshi, sasa unauliza kama inaweza kuruka tena au utakuwa umenunua chuma chakavu. Inaweza kabisa. Mimi ni fundi wa ndege, niko Pennsylvania, na karakana ninayofanyia kazi inafufua hizi Cub za jeshi, kwa hiyo naongea kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Ila bei uliyoambiwa haina maana yoyote mpaka ujue hali ya mambo mawili, kiunzi na makaratasi.

Injini iache kwanza. Najua kila mtu anaikimbilia maana ndo inapiga kelele na ndo muuzaji anaisifia, lakini ile ni Continental A-65, silinda nne, nguvu ya farasi 65, haina starta wala betri, unazungusha propela kwa mkono inawaka. Ni injini rahisi na spea zake bado zipo. Hilo neno "inazunguka" lisikudanganye, injini iliyokaa miaka bila kuwashwa inapata kutu kwenye kamshafti na tapeti (vile vipande vinavyosukuma valvu) na ndani ya silinda, na ukiiwasha hivyo hivyo ile kutu inageuka msasa inakula kila kitu. Itafunguliwa yote tu, krankishafti ipimwe nyufa kwa sumaku, magneto mbili, zile zinazotoa cheche, zipelekwe kwa wanaozijua, kabureta isafishwe, hiyo ni gharama inayojulikana toka mwanzo. Gharama isiyojulikana ndo inayomaliza watu, na hiyo iko chini ya kitambaa.

Mwili wa L-4 ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja halafu yakavishwa kitambaa. Ndege ikiwa chini inakalia gurudumu la mkia, pua juu mkia chini, kwa hiyo maji yoyote yanayoingia, ya mvua au ya unyevu tu, yanateremka yanakusanyika kule nyuma kabisa kwenye mabomba ya chini karibu na mkia. Hapo ndo pa kwenda na tochi kabla hujamsalimia muuzaji mara ya pili. Chukua kitu chenye ncha butu ugonge taratibu, bomba zima linalia, lililoliwa kwa ndani linatoa mlio wa kufa na wakati mwingine ncha inazama kabisa. Usiogope sana ukikuta hivyo, bomba linakatwa linaunganishwa jingine kwa kuweka kipande cha ndani, kuna utaratibu wake umeandikwa na mchomeleaji mzuri wa ndege anafanya kazi safi kabisa, ila kama ni mabomba yote manne ya nyuma mpaka kwenye kiti, hapo bei inatakiwa ishuke sana. Sisi kiunzi kikishapigwa mchanga laini na kukaguliwa tunapaka praima ya epoksi siku hiyo hiyo maana chuma tupu hakisubiri, halafu ndani ya mabomba inamiminwa mafuta ya kitani kama walivyokuwa wanafanya zamani, yanatambaa yanajaza vile vitundu vidogo.

Nguzo za bawa sasa, zile zinazoshika bawa kutoka chini. Hapa sitaki ubishi na mtu yeyote. Nguzo za asili za Piper zinaoza kwa ndani huku nje rangi inang'aa, na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliweka agizo la lazima, kila miaka 2 zikaguliwe kwa kupigwa kifaa maalum au kwa mawimbi ya sauti, au ununue mpya zilizozibwa kabisa hewa na maji visiingie, ukifunga hizo ukaguzi wa kurudia rudia unaisha. Nunua mpya. Zile nguzo ndo zimeshika maisha yako yote na ya aliyekaa mbele yako, hapo sio pa kubana hela.

Kwenye mabawa, L-4 nyingi za wakati wa vita zina boriti mbili za mbao ya spruce na mbavu za aluminiamu. Mbao ikiwa nzima ni nzuri mno, inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mzee wako na bado ina nguvu. Ila toa kitambaa chote, chote mkuu, usikubali mtu akwambie kachungulia kwenye tundu akaona safi. Unatafuta nyufa zinazokatisha nyuzi za mbao, mstari mwembamba kama unywele, hasa pale vibamba vya kuimarisha vinapoishia, kwenye matundu ya bolti na chini ya misumari ya mbavu. Ndege iliyowahi kugusa ncha ya bawa chini hata miaka 40 iliyopita inaweza kuwa na huo ufa mpaka leo na haijaandikwa popote. Panya nao, wanajenga ndani ya bawa na mkojo wao unakula aluminiamu mpaka mbavu zinakuwa unga, na banda la mkulima lina panya, kwa hiyo hilo tegemea.

Kitambaa chenyewe ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Zamani ilikuwa pamba na dopu, yaani vanishi ya kukazia kitambaa, siku hizi ni polyesta inayogandishwa kwa gundi halafu unaipiga pasi ya nguo ya kawaida, ila pasi lazima ipimwe joto kwa kipimo, unaanza nyuzi 250 za Fahrenheit unapanda mpaka 350, na kitambaa kinajivuta mbele ya macho yako mpaka kinakaza kama ngoma. Ukizidisha joto kinalegea na hakirudi, ukikaza bila mpangilio kinapinda mbavu na ukingo wa nyuma wa bawa. Halafu unashona kila ubavu kwa uzi wenye nta, mtu mmoja juu mmoja chini mnapitishiana sindano ndefu, fundo baada ya fundo. Baada ya hapo koti za rangi ya fedha za kuzuia jua, maana jua ndo adui wa polyesta, na rangi ya mwisho nyembamba. Nasisitiza nyembamba, ndege tupu ni kama paundi 740 na mwisho wake wa kuruka ni 1,220 na watu wawili na mafuta galoni 12 wamo humo humo, sasa ukiimwagia koti za rangi ili ing'ae kwenye maonyesho, zile nguvu 65 siku ya joto utazilaumu bure.

Makaratasi. Uliza bamba la namba la kiwandani lipo na linafanana na vitabu vya kumbukumbu. Nyingi ya hizi baada ya vita ziliuzwa kwa raia zikasajiliwa kama J3C-65, yaani Cub ya kiraia, na cheti cha aina, kile kinachoidhinisha muundo wa ndege, ni kilekile A-691, kwa hiyo usishangae usajili unasema J3 na kiunzi ni cha jeshi. Agiza faili lake lote FAA, ofisi yao ya usajili iko Oklahoma City, utaona wamiliki wote na matengenezo makubwa yaliyoripotiwa. Bila bamba na bila usajili unaoeleweka hiyo ni spea tu, hata kama ni nzuri vipi, na ulipe bei ya spea. Na tafuta mapema mkaguzi mwenye mamlaka atakayesaini mwishoni, aje aone kiunzi kikiwa tupu kabla hujafunika, wengi wao hawasaini walichokikuta kimeshafunikwa na mi nawaelewa.

Ile namba ya jeshi nayo usiipuuze. Kuna L-4H ya Meja Charles Carpenter, mwalimu wa historia kabla ya vita, aliyefunga bazuka 6, mirija ya kurushia roketi, kwenye nguzo za bawa akashambulia vifaru vya Wajerumani Ufaransa mwaka 1944, akaiita Rosie the Rocketer. Baada ya vita ile ndege iliendelea kuvuta glaida, ndege zisizo na injini, huko Austria, ikaishia makumbusho kule Graz na watu hawajui ni ipi, mpaka namba yake ilipofuatiliwa, ikarudishwa Marekani ikafufuliwa. L-4 ziliundwa zaidi ya 5,000 pale kiwanda cha Piper, Lock Haven, Pennsylvania, kazi yao kubwa ikiwa kuelekeza mizinga, na kila moja ilikuwa na rubani na kikosi. Kwa hiyo usipake michirizi ya Normandy, ile nyeusi na nyeupe ya uvamizi wa 1944, kwa sababu inapendeza kwenye picha, tafuta yako ilikuwa wapi. Kama haikuvuka bahari, ikabaki Marekani kufundishia, ipake hivyo. Mi nakereka kweli nikiona ndege imevalishwa historia ya ndege nyingine.

Muda usiulize kwa miezi, kama utafanya jioni na wikendi ni miaka. Mwezi wa 6 njoo Lock Haven kwenye mkusanyiko wa Cub, utawakuta wazee wanajua kila bolti na hawanyimi mtu maarifa, na hukohuko tafuta mwalimu wa ndege za gurudumu la mkia uanze kujifunza wakati kiunzi kiko kwa mchomeleaji, maana bima watakuuliza hilo kabla ya kitu chochote.

Kesho ukienda piga picha za mabomba ya chini karibu na mkia, miisho ya chini ya nguzo za bawa na lile bamba la namba, ziweke hapa tuziangalie wote kabla hujamwachia hata senti ya kishika bei.