Siku tisa zimepita sijaona kitu, niko salama?

"Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 26, napakia viazi Uyole. Nilisindikiza mzigo Tunduma, nikalala na msichana bila kondomu. Leo ni siku ya tisa, sijaona usaha wala kidonda. Jamaa wa kijiweni wanasema siku saba zikipita umenusurika. Jumamosi mchumba wangu anakuja kutoka Makambako. Niko salama?"

Marahaba mwanangu. Hao jamaa wameokota nusu ya habari. Siku saba zao ni za kisonono: kwa mwanaume, usaha na maumivu wakati wa kukojoa huanza mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 7, ingawa wapo wanaofika wiki mbili na wapo wasioona dalili kabisa. Hapo unaweza kushusha pumzi. Kidogo.

Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, huchukua wiki 1 hadi 3 kuonyesha dalili, na wanaume wengi wenye nayo hawahisi lolote. Inayonitia hofu kwa mtu anayehesabu siku kama wewe ni kaswende. Hutokea kati ya siku ya 10 na ya 90, kwa wengi karibu na ya 21, tena kwa kidonda kisichouma ambacho hukauka chenyewe hata bila dawa. Mtu anamshukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeshaingia kwenye damu. VVU navyo huweza kuleta homa na koo kuuma wiki ya 2 hadi ya 4. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, nani atashtuka kwa homa na koo?

Ungeniandikia siku ya pili ningekukimbiza kituo cha afya usiku huohuo, maana dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Muda huo umeshapita. Nenda kesho hata hivyo, uwatajie tarehe yenyewe. Kipimo cha VVU na cha kaswende cha sasa kitaeleza zaidi hali yako ya kabla ya Tunduma, kwa hiyo utarudia baada ya wiki 6, kisha miezi 3. Na usiende duka la dawa kununua vidonge vya kubahatisha. Dozi nusu huficha dalili, ugonjwa ukabaki.

Jumamosi mpokee mchumba wako, mpikie wali wa Kyela, ila kitandani msubiri majibu, na baada ya hapo kondomu mpaka miezi 3 itimie. Atauliza kwa nini. Mwambie. Atakasirika, ana haki. Mwanamke anaweza kukaa na klamidia miezi bila dalili, akaja kugundua mirija imeziba siku anatafuta mtoto.

Ukikutwa na kitu, msichana wa Tunduma naye aambiwe akatibiwe. Namba yake nadhani unayo.