Nailoni juu ya sufuria: niliyojifunza nikiwa mjamzito

Katika ujauzito wangu wa pili nilikuwa bado napika wali kwa namna niliyoikuta jikoni kwa mama. Mchele wa Kyela ukishakaribia kukauka maji, nilitandaza mfuko wa nailoni juu ya sufuria ili mvuke usitoke, nikabana kwa mfuniko, kisha nikapalia makaa. Mifuko ya kubebea bidhaa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya nailoni havikukosekana, nasi tuliviosha na kuvitunza kwa kazi hiyo. Jioni moja nilifunua nikakuta mfuko umenywea, kona yake imeshikana na wali, na mvuke unanuka plastiki iliyoungua. Nilichota upande ule nikautupa, uliobaki tukala. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mbeya, na usiku ule sikupata usingizi.

Kilichoninyima usingizi ni somo ninalolifundisha kila mwaka. Seli ya ngozi na seli ya ini zina jeni zilezile; zinatofautiana kwa sababu katika kila moja jeni fulani zimefunguliwa na nyingine zimefungwa. Njia mojawapo ya kuzifunga ni alama ndogo za kikemikali, ziitwazo methili, zinazobandikwa juu ya vinasaba bila kuvibadilisha vyenyewe. Alama nyingi kati ya hizo hufutwa na kupangwa upya mtoto anapoanza kuumbika tumboni, na ndiyo maana kitu kinachovuruga homoni katika miezi hiyo kinaweza kuacha athari ambayo mtu mzima asingeipata.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni wa panya. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwalisha panya jike bisfenoli A, kemikali ya plastiki ngumu angavu na ya utando wa ndani wa makopo ya chakula, ambayo mwilini huiga homoni ya estrojeni. Panya hao wana jeni iitwayo agouti, ambayo ikiwa wazi huleta manyoya ya njano na ikifungwa huleta ya kahawia. Waliolishwa kemikali hiyo walizaa watoto wengi zaidi wenye manyoya ya njano, kwa kuwa alama za methili zilikuwa zimepungua. Mama walipoongezewa virutubisho kama foliki asidi, tofauti hiyo ilitoweka.

Binadamu si panya, na dozi za maabara si za jikoni. Hata hivyo, huko New York watafiti waliowafuatilia wanawake wajawazito waliripoti mwaka 2012 kwamba watoto wa mama waliokuwa na kiwango kikubwa cha aina mojawapo ya thaleti, kemikali zinazolainisha plastiki, walipata pumu ya ngozi zaidi katika miaka yao miwili ya mwanzo. Huo ni uhusiano, haujawa uthibitisho wa chanzo. Mwanangu wa pili ana pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya viwiko, nami nimekataa kuihukumu nailoni, kama ninavyokataa mama yeyote ajihukumu. Lakini mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipokishusha kiwango cha bisfenoli A inachokiona salama kwa siku mara 20,000, nilijua kwamba tahadhari yangu haikuwa woga mtupu.

Ushauri wangu wa kwanza unahusu joto na mafuta, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyozitoa kemikali kwenye plastiki kwa wingi. Chai ya maziwa inayotoka jikoni ikichemka, ambayo asubuhi za Juni pale Uyole kila mtu anaitamani, inyweke katika kikombe cha bati au cha udongo. Supu ya moto isifungwe kwenye mfuko, na chipsi zilizotoka kwenye mafuta zisimiminwe humo. Usiwashe mkaa kwa vipande vya plastiki, jambo ambalo wengi wetu tunalifanya huku tumeinama juu ya jiko tukiuvuta moshi. Mafuta ya kupaka nayo chagua yasiyo na manukato, kwani thaleti hutumika pia kushikilia harufu. Ndoo ya maji baridi hainisumbui sana.

Linalotia moyo ni kwamba bisfenoli A nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja, hivyo mabadiliko ya leo hayachelewi kuonekana mwilini. Vidonge vya foliki unavyopewa kliniki vimeze kama ulivyoelekezwa. Kazi yake iliyothibitishwa ni kulinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Na ukiwashwa sana viganjani na kwenye nyayo katika miezi ya mwisho, bila vipele, usiilaumu plastiki wala sabuni: nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni ini.

Kuhusu wali, mama mkwe wangu wa Tukuyu ndiye aliyelimaliza suala. Nilipomweleza kwa nini nimeacha nailoni, alitoka nje, akarudi na jani la mgomba, akalibabua juu ya moto mpaka likalegea na kung'aa, akalifunika juu ya sufuria. "Mwanangu," akasema, "sisi nailoni tuliikuta ukubwani." Wali uliiva wote, hadi punje za juu.