Kilomita 200 kwa baiskeli: muda hupotea ukiwa umesimama

Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza katika safari ya baiskeli ya masafa marefu huuliza kwanza habari za kasi: lazima aweze kwenda kilomita ngapi kwa saa ili amalize? Ni swali la haki, lakini kwa niliyoyaona barabarani, wengi wanaofika baada ya muda kwisha wana miguu inayotosha kabisa kumaliza. Kilichowaponza ni saa walizoziacha vituoni, kando ya barabara na chini ya miti, dakika kumi hapa na ishirini pale, bila hata kuzihesabu.

Nazungumzia hasa breveti, yaani safari ambazo kanuni zake husimamiwa na Audax Club Parisien, klabu iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1904. Haya si mashindano, kwani hakuna mshindi wala nafasi ya pili. Kila mwendeshaji hupewa kadi, huigonga muhuri katika vituo vya ukaguzi vilivyopangwa njiani, na hutakiwa kumaliza ndani ya muda uliowekwa: saa 13 na nusu kwa kilomita 200, saa 20 kwa kilomita 300, saa 27 kwa kilomita 400 na saa 40 kwa kilomita 600. Saa hiyo haisimami unapokula, unapoziba pancha wala unapoulizia njia. Vituo vya katikati navyo vina saa yake ya kufungwa, kwa hiyo huwezi kujipa moyo kwamba uvivu wa asubuhi utaufidia jioni.

Tufanye hesabu. Mtu anayekwenda kilomita 22 kwa saa magurudumu yanapozunguka humaliza kilomita 200 kwa muda wa saa 9 na dakika chache. Akijilazimisha kwenda kilomita 24 kwa saa, ataokoa kama dakika 45, lakini atalipa gharama kubwa, kwa sababu nguvu inayohitajika kuishinda hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ongezeko hilo dogo linadai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 30 dhidi ya hewa, na katika barabara tambarare hewa ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Sasa mtazame mwenzake asiyebadilisha mwendo wake, ila katika vituo vitano anakaa dakika 10 badala ya 25. Huyo ameokoa saa moja na robo, na miguu yake haijadaiwa chochote. Hilo ndilo ningependa kila mgeni alichukue kabla ya kununua kifaa chochote kipya.

Kusimama kwa muda mfupi ni ustadi unaohitaji mazoezi, kama kupanda mlima. Kilomita chache kabla ya kituo, amua utafanya nini na kwa mpangilio gani. Mimi huanza na muhuri, kisha maji, kisha choo, na chakula huja mwisho kwa kuwa sehemu yake inaweza kuliwa barabarani. Kabla ya kuondoka hutazama kama kadi imerudi mahali pake. Kaa chini pale tu unapokuwa na sababu ya kukaa, maana misuli iliyopoa huchukua muda kurudi kazini na mazungumzo mazuri hayana kengele. Simaanishi kwamba usipumzike. Panga pumziko moja la kweli, baada ya nusu ya safari, ule chakula kamili na kunyoosha mgongo, kisha vituo vingine uvipite kwa haraka.

Saa mbili za kwanza zinahitaji nidhamu ya namna nyingine. Kundi huondoka likiwa na nguvu, miguu ni mipya, na kumfuata aliye mbele kunaonekana rahisi kwa sababu anakukinga upepo. Kinga hiyo ni ya kweli na ina thamani kubwa, hasa upepo unapovuma kutoka mbele, lakini ina faida pale tu mwendo wa kundi unapolingana na uwezo wako. Kipimo ninachokiamini ni pumzi: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatika, uko katika kundi lisilo lako, na ni heri uliachie liende ungali na nguvu. Nyuma yako kuna kundi jingine, nalo mara nyingi ndilo utakalomaliza nalo. Milimani tumia gia nyepesi mapema, kabla miguu haijaanza kusukuma kwa taabu. Anayepanda akizungusha pedali kwa wepesi hulinda magoti yake kwa ajili ya kilomita mia ya pili.

Kuhusu chakula nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo safari nyingi huharibika. Akiba ya wanga iliyomo katika misuli na ini haitoshi kwa siku nzima ya kazi, na ikipungua sana mwili hulegea ghafla, kichwa huwa kizito na hata mteremko huchosha. Kuanzia saa ya kwanza, kula kidogo kidogo, kiasi cha gramu 40 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Wenye matumbo yaliyozoeshwa huweza kupita hapo, lakini mgeni hana haja ya kujaribu siku ya safari yenyewe. Njaa ni mjumbe anayechelewa, kwa hiyo fuata saa. Wengine huweka mlio wa kuwakumbusha kila baada ya dakika 20, nami nauona ni utaratibu bora. Maji nayo yanahitaji kiasi: kunywa maji matupu kwa wingi kupita kiu, bila chumvi yoyote, kunaweza kushusha kiwango cha sodiamu katika damu hadi kuleta ugonjwa. Na chochote utakachokula siku hiyo, kiwe kimekwisha kujaribiwa katika mazoezi marefu.

Mazoezi yenyewe hayalazimu kufikia kilomita 200 kabla ya siku. Ukiweza kuendesha kilomita 120 hadi 140 ukamaliza ungali na hamu ya kula na kuzungumza, mwili uko tayari, na kilichobaki ni mpangilio. Safari hizo ndefu za mazoezi hukufunulia pia maumivu ambayo safari fupi huyaficha. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno, na yale ya nyuma ya goti, na kiti kilicho juu mno. Ganzi katika kidole cha mwisho na cha pete ni dalili ya neva inayobanwa kwenye kiganja, kwa hiyo badilisha mahali pa kushika usukani mara kwa mara. Suruali fupi yenye pedi huvaliwa bila nguo ya ndani, kwani mishono ya nguo hiyo ndiyo inayochubua ngozi. Rekebisha jambo moja kwa wakati, milimita chache tu, wala usiguse chochote katika wiki ya mwisho.

Vifaa ni jambo fupi: tyubu mbili, viraka, pampu, vyuma vya kuondolea tairi, funguo za nati za baiskeli yako na kiungo cha mnyororo. Kuwa navyo hakutoshi ikiwa mikono haijazoea, hivyo toa tairi la nyuma nyumbani mara kadhaa hadi uweze kulifanya bila kufikiri.

Ukishamaliza kilomita 200 na hamu ikabaki, 300 iko karibu kuliko inavyoonekana. Kinachobadilika zaidi ni giza, maana wengi hawawezi kuimaliza kabla ya usiku, na kanuni zinadai taa za mbele na nyuma pamoja na fulana inayoakisi mwanga. Anayekamilisha 200, 300, 400 na 600 katika mwaka husika hupata sifa ya kujiandikisha Paris–Brest–Paris, safari ya takriban kilomita 1,200 inayofanyika kila baada ya miaka minne, na ambayo muda wake mrefu zaidi ni saa 90. Huko hata usingizi hukatwa kutoka katika saa hizohizo, na anayeweza kupita kituo kwa dakika 10 ndiye anayepata nafasi ya kulala.