Mguu wa kushoto wa mwalimu

Shikamoo daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Pangani, nina miaka 43 na watoto watatu. Nafundisha darasa la nne, wanafunzi 97 chumba kimoja. Kiti changu nimekigeuza dawati la watoto wawili, kwa hiyo nasimama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana.

Shida ilianza mwezi wa tatu. Jioni kandambili ya kushoto ikawa inaniachia alama, ya kulia haina neno. Nikilala, asubuhi mguu umerudi. Kufika mwezi wa tano ukawa haurudi wote. Mishipa nayo ikatokeza nyuma ya goti ikapanda pajani, imepindapinda kama mizizi ya mkoko, nikisimama sana inawaka moto. Kisha kizunguzungu. Siku moja naandika ubaoni, nikaona chaki iko mbali. Nilizinduka nimelazwa kwenye mkeka wa darasa la awali, watoto wananong'onezana, "Mwalimu kapandisha."

Zahanati walinipima malaria, hakuna. Wakasema ni taifodi na UTI, nikachomwa sindano siku tano. Nikaenda kituo kingine, presha ikawa 158 kwa 96, nikaanzishiwa amlodipine ya miligramu 5, baada ya wiki tatu wakaipandisha 10. Hapo ndipo na mguu wa kulia ukaanza kuvimba kifundoni. Mahali pa tatu, hospitali ya kulipia mjini, wakaniongezea Lasix kila asubuhi. Nakojoa mpaka naona haya kuwaacha watoto darasani, mguu uko palepale, na sasa nikiinuka kutoka kwenye sijda lazima nishike ukuta. Daktari wa pale alisema vipimo vyangu havina kitu, labda ni mawazo. Nilipouliza ni vipimo gani, akanionyesha karatasi: malaria, mkojo, sukari.

Wifi yangu akanipeleka Muheza kwa mzee mmoja. Huyo hakuchelewa: nimekanyaga kitu nilichotegewa. Nikafungwa uzi mweusi wa mafundo saba kwenye kifundo cha kushoto, nikanywa kombe, shilingi 60,000 zikaenda. Majirani wao wanasema ni matende, na kuna mama siku hizi nikinyanyuka barazani kwake anafuta mahali nilipokaa.

Mengine sina tatizo. Chakula nakula, ila nimezoea kutafuna mchele mbichi, watoto wangu wananicheka. Sketi zinanibana kiunoni, nadhani ni umri. Siku zangu nazo zinakwenda hadi nane na navaa pedi mbili kwa pamoja, lakini mama yangu naye alikuwa hivyo kabla hazijakatika.

Naomba kujua nina ugonjwa gani. Na huu uzi niutoe au niuache? Naogopa kuutoa.

Mwalimu, Pangani

*

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimeisoma ulivyoipanga, mguu mbele. Mara ya pili nikaanzia chini kwenda juu, na ikawa barua nyingine kabisa.

Ila kabla sijafika huko, chukua futi ya fundi cherehani leo hii. Papasa chini ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Shuka sentimita 10 kutoka kwenye hicho kinundu, pima mzunguko wa shavu la mguu, kisha pima na mguu wa pili palepale. Kushoto kukizidi kwa sentimita 3 au zaidi, au shavu la mguu likiwa linauma ukilibonyeza, limekuwa gumu au la moto, usisubiri Jumatatu. Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, na donge likikatika likapanda hadi kwenye mapafu mtu anaweza kufa njiani. Ukibanwa pumzi ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, au ukikohoa damu, hata futi usiitafute, tafuta gari. Nimelitanguliza hili kwa sababu katika mahali pote ulipopita sijaona palipoandikwa kwamba mtu aliushika mguu wako.

Sasa mguu wenyewe. Damu inashuka miguuni kirahisi, kupanda ndiyo kazi. Inapandishwa na misuli ya shavu la mguu, kila unapopiga hatua misuli inaikamua kwenda juu, na ndani ya mishipa kuna vali, vijilango vinavyoizuia isirudi. Anayesimama palepale kwa muda wa saa sita hana pampu. Vijilango vinachoka, damu inarudi chini, mshipa unatanuka na kupinda, maji yanavuja kwenye nyama. Ndiyo maana asubuhi ulikuwa unaamka mguu umerudi, maana kitandani hakuna mlima wa kupanda. Walimu, wauguzi, walinzi na mama lishe ndio wateja wakubwa wa mishipa hii. Kwa hiyo sehemu moja ya jibu lako ni ya kawaida, nami ningekwambia tembeatembea kati ya madawati, nyanyua visigino mara 20 kila kipindi, lala miguu iko juu ya mto, nikafunga barua.

Lakini kwa nini kushoto? Mshipa mkubwa unaorudisha damu ya mguu wa kushoto unapita mahali pabaya kidogo, umebanwa kati ya uti wa mgongo na ateri inayokwenda mguu wa kulia. Karibu kila mtu kaumbwa hivyo, na wengi hawaambiwi maisha yao yote. Kitu kingine kikikua ndani ya nyonga na kuanza kuegemea mishipa, kushoto mara nyingi ndiko kunakolalamika kwanza. Hapo ndipo nikarudi kwenye sketi zako.

Wewe umeandika "mengine sina tatizo", halafu ukaorodhesha mambo matatu ambayo mimi ningeyaweka mstari wa kwanza. Hedhi ya siku nane na pedi mbili kwa pamoja ni damu nyingi. Mchele mbichi, kama udongo na barafu, hutamaniwa sana na mtu aliyeishiwa madini ya chuma, na wanawake wengi wanaona haya kulisema hospitalini kwa kudhani ni tabia mbaya. Na kiuno kinachonenepa peke yake kwa mwanamke wa miaka 43 kinataka mkono wa daktari juu ya tumbo. Ukiniuliza nawaza nini, nawaza uvimbe kwenye mji wa mimba, ule mnaouita faibroidi. Kwa umri wako ni jambo la kawaida sana, na mara nyingi mno si saratani. Ukiwa mkubwa unaongeza hedhi, hedhi inamaliza damu, upungufu wa damu unaleta kizunguzungu, na uzito wake unaweza kuubana mshipa wa mguu. Kama mama yako naye alikuwa hivyo, hilo halilifanyi kuwa la kawaida, huenda naye alikuwa nao.

Haya ni mawazo ya mzee aliyekaa kwenye kiti anasoma barua. Naweza kuwa nimekosea, ndiyo maana nataka upimwe.

Nikuungamie jambo. Nikiwa daktari mchanga nilimpa mama mmoja vidonge vya kukojoa wiki tatu kwa ajili ya miguu iliyovimba. Alikuwa akija, nambonyeza kifundo, naona kishimo, naandika tena. Muuguzi mkubwa wa wodi ndiye aliyemlaza, akaweka kiganja chini ya kitovu, akaniita kwa sauti ya chini: "Daktari, hebu njoo uguse." Tumbo lilikuwa limejaa hadi kitovuni. Hadi leo mgonjwa akiniambia mguu, mimi naanza na tumbo.

Tuje kwenye dawa, maana hapo kuna kizunguzungu cha pili kilichoingia juu ya kile cha kwanza. Amlodipine ni dawa nzuri ya presha na imewasaidia watu wengi, ila ina tabia ya kuvimbisha vifundo, hasa kwenye miligramu 10, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Inapanua mirija inayoleta damu bila kupanua sana ile inayoiondoa, maji yanabaki katikati. Uvimbe wa namna hiyo Lasix haiutibu vizuri. Kwa hiyo mguu wako wa kulia huenda ulivimba kwa dawa, ukapewa dawa ya pili kutibu dawa ya kwanza, na hiyo ya pili ikakukausha maji hadi unashika ukuta ukitoka kwenye sijda. Usiache dawa ya presha kwa sababu umenisoma mimi hapa. Nenda ukaseme hivi, neno kwa neno: "Mguu wa kulia ulianza baada ya kupandishiwa dawa hadi 10, na kizunguzungu kimezidi tangu nianze Lasix." Daktari akisikia hivyo atajua la kufanya, zipo dawa nyingine za presha. Tena mwombe akupime presha umelala, kisha umesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, kizunguzungu chako kimepata sababu moja. Na ile 158 kwa 96 ilipimwa mara ngapi? Ikiwa ni mara moja, umetoka kushuka kwenye bodaboda na roho juu, irudiwe siku nyingine mbili tatu.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, pale Tanga mjini. Najua ni karibu kilomita 50 na utaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, lakini kadi ya bima unayo, itumie. Omba wingi wa damu: kwa mwanamke asiye na mimba chini ya 12 ni upungufu, chini ya 8 ni upungufu mkali. Omba altrasaundi ya nyonga, na ya mishipa ya mguu, ile wanayoiita Dopla. Protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu, tujue figo zinasemaje, kwani figo nazo huvimbisha, ingawa zenyewe hupenda kuanza na uso asubuhi. Wausikilize moyo. Na kipimo cha mimba, usinicheke, nimeshawahi kushangazwa na wanawake wa miaka 46. Walikwambia vipimo havina kitu, nami nawaamini: malaria haina kitu, sukari haina kitu. Hakuna aliyepima wingi wa damu, na hakuna aliyetazama tumbo. Ukisikia tena neno "mawazo", muulize mwenye kulisema amekwisha ondoa nini kabla hajafika hapo.

Ukienda, usiende na mguu peke yake. Uliupeleka mguu hospitali moja, kizunguzungu hospitali nyingine, hedhi hukumwambia mtu, na kila mmoja akatibu kipande alichopewa. Wewe ni mwalimu, andika ukurasa mmoja kwa tarehe: kilianza nini, kikafuata nini, dawa gani ilianza siku gani. Dawa zote zitie kwenye mfuko mmoja, hata za Muheza kama ulipewa.

Majirani nao wasibezwe moja kwa moja. Pwani ya Tanga matende yapo, tumeishi nayo, na dawa za kukinga mlizogawiwa, ivermectin na albendazole, hazikugawiwa bila sababu. Nikiwa kijana tulikuwa tunawaamsha watu saa nne usiku kuwatoboa vidole, kwa sababu vimelea vyake hujitokeza kwenye damu usiku. Siku hizi kuna kipimo cha mchana. Lakini matende hutaka kuvimbisha na mgongo wa unyayo, ngozi inakuwa nene na kukunjana, na hayaambatani na mishipa ya kupindapinda wala pedi mbili. Ukitaka kupimwa upate kuwajibu, pimwa. Na yule mama anayefuta baraza mwambie matende huletwa na mbu, hayaachwi kwenye kiti.

Soksi za kubana zinasaidia sana mishipa hiyo, ila usinunue za kubahatisha barabarani. Subiri Dopla, na daktari ashike mapigo ya damu kwenye unyayo kwanza, kwani mguu usiofikiwa vizuri na damu ukiubana unauumiza.

Umeuliza habari ya uzi. Uzi ulifungwa wakati mguu una kipimo fulani, na mguu wako jioni hubadilika kipimo. Kitu chochote kilichofungwa kwenye kifundo kinachovimba, kiwe uzi, bangili au mpira wa soksi, kinazuia damu na kinaweza kukata ngozi, na kidonda kwenye mguu wa mishipa huchukua miezi kupona. Ukate. Kama unaogopa kuutupa, ukunje kwenye leso uuweke sandukuni, huyo mzee wa mafundo saba hakusema lazima ukae mguuni. Na kama mkono wako unakataa, mpe wifi yako mkasi, yeye ndiye aliyekupeleka.